Siku Simu Ilipokaa Kikao cha Ukoo

Waliponiita Bunda kuzungumza na walimu, mada walikuwa wameshaichagua wenyewe: je, mashine inaweza kuwa na akili ya kweli? Mimi hata king'amuzi cha televisheni kinanishinda. Lakini nilisoma falsafa chuo kikuu, na katika mkoa wetu msomi wa falsafa ni kama kiti cha akiba, hukumbukwa wageni wanapozidi. Nilikubali upesi kabla hawajapata mtu mwenye kazi.

Nilijiandaa sebuleni kwangu Kamunyonge, Musoma, nikihutubia kabati la vyombo. Hoja yangu ilikuwa rahisi kueleweka, tabia ambayo chuo kikuu kilijaribu sana kuniachisha. Nilisema mashine hizi zinazojibu maswali zimelishwa maandishi mengi kuliko ambayo mtu yeyote angeweza kuyasoma, na humo zimejifunza neno gani hupenda kukaa karibu na neno gani. Ukiziuliza habari za njaa zitakueleza vizuri sana, lakini hazijawahi kulala bila kula. Siku yenyewe, ukumbini Bunda, nikamaliza kwa sentensi niliyokuwa nimeitunza: akili si kujua jibu, akili ni kujua jibu hilo litamwangukia nani. Walimu wakainakili. Niliziona kalamu zikitembea, nikajisikia mtu wa maana, hali ambayo kwangu haidumu.

Mwalimu mmoja mwanamke aliyekaa karibu na dirisha akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa mtoa mada, kwa kipimo hicho, ofisini kwetu wenye akili ni wachache."

"Wataje," akadakia mwenzake.

"Nikiwataja nikahamishwa, mizigo utanibebea wewe?"

Ukumbi mzima ukacheka, nami nikacheka kwa sauti kubwa kuliko wote kwa sababu swali lilikuwa limeisha bila mimi kulijibu.

Nyuma kabisa nilimwona kaka yangu. Ni mtoto wa baba yangu mdogo aliyekwisha kufariki, na kwetu huyo ni kaka kamili, hakuna kupunguza. Ana duka la vipuri vya pikipiki pale Bunda. Alikuwa amefunga duka ili aje kunisikiliza, na mpaka leo sijui nifanye nini na wema ule.

"Mura, umeongea vizuri," aliniambia nje, akiniita kijana kwa lugha ya kwetu na kunipiga begani. "Nimeelewa nusu. Lakini hii mashine unayoitukana inanisaidiaga mimi. Wateja wananiandikia, kaka gasketi ipo, kaka cheni ya aina fulani umeleta, yenyewe inawajibu. Tena kwa adabu. Mimi ningeshawatukana zamani."

"Adabu siyo akili."

"Nenda kamwambie mteja."

Kisha akaacha kucheka. "Mama mkubwa amezidiwa. Hali chakula tena. Usije ukasema hukuambiwa."

Mama mkubwa alikuwa mke wa kaka mkubwa wa baba zetu, na mji wake uko nje kidogo ya Butiama, mahali ambapo sisi wote tulizaliwa au tulipelekwa likizo tukafundishwe adabu. Alizaa watoto wa kike tu. Mume alipofariki, mabinti wakiwa wameshaolewa, alibaki na nyumba isiyo na mwanaume wa kuirithi. Akafanya kile ambacho wanawake wa Mara wa hali yake walikuwa wakikifanya, na wengine bado wanakifanya: alioa. Alichukua ng'ombe walioingia kwa mahari za binti zake, akawapeleka kwa baba wa msichana mmoja, na msichana akaletwa kwake kama mke wa nyumba ile. Ndoa kama hii wengi huku tunaiita nyumba ntobhu. Msichana huzaa na mwanaume wanayekubaliana, lakini watoto ni wa nyumba iliyotoa ng'ombe, na jina wanalobeba ni la marehemu mwenye mji.

Nilikuwa mtoto wa shule siku ng'ombe wale walipopelekwa. Nilitembea nyuma yao na fimbo, pamoja na wazee, mpaka kwa akina msichana. Nakumbuka dume moja jeusi lilikataa kuvuka kijito, na mama mkubwa mwenyewe akalishika pembe akalisemesha mpaka likavuka. Nakumbuka pia kwamba msichana hakutoka nje kutuona, na kwamba nilipewa maziwa ya mgando.

Mama mkubwa alimwita mkamwana. Sisi watoto wa mji tuliambiwa tumwite shemeji, kwa sababu kwa hesabu ya mila aliolewa na mtoto wa kiume ambaye mama mkubwa alipaswa kumzaa na hakumzaa. Kwa hiyo nimekuwa na shemeji karibu maisha yangu yote, ila kaka mwenyewe hakuwahi kuwepo. Niliwahi kuwaeleza jambo hili wenzangu wa chuo kikuu. Mmoja akasema huo ni ushahidi kwamba Waafrika walikuwa na fikra dhahania. Shemeji wakati huo alikuwa akibeba maji kutoka kisimani.

Alizaa mabinti wawili, kisha mtoto wa kiume, yule aliyetarajiwa. Mama mkubwa alimlea kijana yule kama yai. Alipokua hakutaka ng'ombe wala jembe. Alikwenda upande wa rasi, kwenye vijiji vya wavuvi wa ziwani, akafuata dagaa na sangara. Siku moja dhoruba ikaupindua mtumbwi wao, na walioogelea wakafika bila yeye. Ziwa lilimrudisha baadaye. Tulimzika nyuma ya nyumba ya mama yake, na fundi wa kuchomelea wa Musoma akatutengenezea msalaba wa nondo, mfupi, kwa sababu nondo zilizokuwepo zilikuwa vipande.

Tangu hapo shemeji akawa na kazi moja ambayo hakuikosa. Jua likianza kupoa alikwenda nyuma ya nyumba, akainama, akang'oa majani kuzunguka kaburi kwa mkono. Hakutumia jembe. Nilimuuliza mara moja kwa nini, akasema jembe linafika chini mno.

Mama mkubwa alipougua, shemeji alimwogesha, alimlisha, alimgeuza kitandani. Binti wa kuzaliwa wa mama mkubwa walikuja wakalia wakarudi kwa waume zao, kama desturi inavyotaka. Mama mkubwa akafariki. Tukazika. Na siku ya kuanua matanga, watu wengine walipokwisha kuaga, wanaume wa ukoo wakabaki chini ya turubai kwenye viti vya plastiki vya kukodi, kujadili mji. Nami nilikuwepo, mtaalamu wa akili.

Jambo lenyewe lilikuwa moja tu: shemeji abaki pale au aondoke. Kila mtu alilijua, kwa hiyo tulianza kwa kuzungumzia mvua.

Mwenyekiti alikuwa baba mdogo wetu wa mwisho, mzee pekee wa kizazi cha baba zetu aliyekuwa amebaki. Alipoona mvua imeisha kuzungumzwa alimpa nafasi kaka wa Bunda.

"Shemeji yetu tunampenda," kaka alianza, na nikajua mambo yameharibika. "Hakuna mtu hapa atasema ni mtu mbaya. Amemuuguza mama mpaka mwisho, tumeona wote. Lakini tuseme ukweli. Alikuja kwa ajili ya mtoto wa kiume. Mtoto akapatikana, Mungu amemchukua. Mabinti wameolewa. Sasa pale ndani leo ni mke wa nani?"

"Ni mke wa nyumba hii," nilisema. "Ng'ombe walitoka humu. Mimi nilikuwepo, nilitembea nao mpaka kwao."

"Ulikuwa na umri gani?"

"Umri wa kutembea na ng'ombe."

"Basi ulikuwa mtoto. Labda hizo ng'ombe zilikuwa zinaenda mnadani, wewe ukapitiliza."

Walicheka. Hata mimi nilitabasamu, maana ilikuwa imesemwa vizuri. Hilo ndilo tatizo la watu wetu, wanakumaliza huku unacheka.

Nikamgeukia mwenyekiti. "Baba, wewe unajua. Wazee walikuwa na msimamo gani, mtoto wa kiume akifa kabla ya mkamwana?"

Baba mdogo alishika fimbo yake kwa mikono miwili akaangalia upande wa zizi.

"Walisemaga kitu," akasema.

"Walisemaga nini?"

"Walikuwa wanakaa, wanasema." Akaigeuza fimbo. "Sasa siku zile mimi nilikuwa kiwandani Musoma. Nilikuwaga nakuja Krismasi."

Pale ndipo nilipohisi baridi, ingawa turubai lilikuwa limehifadhi joto kama sufuria. Tulikuwa wanaume wazima, wajukuu wa watu waliotoa hukumu juu ya mambo kama haya bila kufungua karatasi, na hakuna hata mmoja aliyejua. Tulikuwa na makatibu, na mhasibu wa ukoo, na kundi la simu lenye picha ya mnyama mkali, na mtu mmoja wa falsafa. Aliyejua alikuwa mama mkubwa, na tulikuwa tumetoka kumzika. Kwa miaka yote niliyokwenda kumtembelea, nilimpelekea sukari na kumuuliza hali ya mguu.

"Si tuulize simu?" kaka akasema.

Sikuamini. "Simu haijui mila zetu."

"Wewe unazijua?"

Kaka alikuwa ameshaitoa mfukoni. "Na isitoshe fundi tunaye hapa hapa," akasema akininyooshea kidole, "ikikosea atatuambia."

Aliiambia swali kwa mdomo, polepole, kama mtu anayezungumza na mgeni. Alieleza kwamba mwanamke ameolewa na mwanamke mwenzake kwa mila za Mara ili apatikane mrithi. Aliyeoa amefariki, mrithi amefariki. Je, mwanamke huyo anaweza kuendelea kuukalia mji kinyume na matakwa ya ukoo? Sikuona kosa lolote katika maneno hayo hadi baadaye. Kisha akaongeza sauti ya simu hadi mwisho na kuiweka juu ya meza, kati ya soda na sahani ya karanga.

Ilikuwa sauti ya mwanamke. Ilikuwa safi, tulivu, Kiswahili cha mtu ambaye hajawahi kuchelewa mahali.

"Hili ni swali muhimu na linalogusa hisia," ilisema. "Katika jamii nyingi za Mara, ndoa ya aina hii hulenga kupata mrithi wa kiume. Mrithi anapokosekana, mji kwa kawaida hurejea mikononi mwa ukoo. Hata hivyo, inashauriwa mwanamke huyo aagwe kwa heshima na ashukuriwe kwa mchango wake."

Niliwatazama wale wanaume na kuona mabega yao yakishuka, kama watu waliotuliwa mzigo.

"Huyu mama ni wa wapi?" baba mdogo akauliza.

"Siyo mtu, baba. Ni mashine."

"Anaongea vizuri." Akafikiri. "Amesema aagwe kwa heshima. Hilo ni neno la mtu mzima."

Nilisimama. Sikumbuki kama nilipewa nafasi. Niliwaambia mashine ile haikuwa imejua chochote. Ilikuwa imemsikiliza kaka na kumrudishia kile alichokuwa akikitaka, kikiwa kimepigwa pasi. Niliwaambia ningewaonyesha. Nikatoa simu yangu, yenye mashine ile ile, nikauliza swali lile lile kwa maneno yangu: mkamwana aliyetolewa ng'ombe mbele ya mashahidi, aliyezaa katika nyumba hiyo, aliyemuuguza mama wa nyumba hadi kufa, na aliyemzika mwanawe katika mji huo, je, ana haki ya kubaki?

Sauti ya mwanamke yule yule ikatoka kwenye simu yangu.

"Hili ni swali muhimu na linalogusa hisia. Katika jamii nyingi za Mara, mkamwana aliyetolewa ng'ombe ni mke kamili wa nyumba hiyo. Kifo cha mtoto hakivunji ndoa. Ana haki ya kubaki katika mji huo na kuzikwa hapo."

Niliiweka simu mezani karibu na ile nyingine, nikawatazama. Ninaamini hakuna mtu aliyewahi kuthibitisha hoja ya falsafa haraka namna ile mbele ya watu wengi namna ile. Walimu wa Bunda wangenipigia makofi hadi viganja viume.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Droo."

Kicheko kikapasuka chini ya turubai.

"Moja moja," mwingine akaongeza. "Twende penati."

"Ngojeni," nilisema. "Hamjaelewa. Mashine imesema vitu viwili vinavyopingana. Maana yake haijui. Maana yake jibu lake halina uzito wowote."

"Tumeelewa, mwalimu," kaka akasema, na sauti yake haikuwa na kejeli. "Haijui. Na baba hajui. Na wewe hujui. Basi tuamue sisi. Kikao si tuko?"

Ndivyo walivyopiga kura. Mikono iliyotaka shemeji abaki ilikuwa miwili tu, wangu na wa jamaa mmoja wa Kiabakari ambaye baadaye aliniambia alidhani tunapigia kura chakula kiletwe. Mikono mingine yote ikaenda juu upande wa pili, mingine taratibu, mingine ikiangalia jirani imefanyaje. Baba mdogo hakunyoosha, mwenyekiti hapigi. Alisema tu, "Aagwe kwa heshima," na katibu akarudia maneno hayo kama azimio.

Nikaendelea kukaa kwenye kiti cha plastiki. Nilikuwa nimeshinda mjadala kabisa, na shemeji alikuwa amepoteza nyumba.

Nilimfuata jikoni, kwa sababu niliona afadhali asikie kutoka kwangu. Wanawake wengine waliponiona wakapata shughuli nje. Shemeji alikuwa anasonga ugali wa watu waliokuwa wametoka kumfukuza, na hakuacha kusonga.

"Wamesemaje?"

Nilimwambia.

Akageuza ugali, akaukandamiza pembeni mwa sufuria. "Nilisikia sauti ya mwanamke huko kwenye kikao."

"Ilikuwa simu."

"Nilijiuliza ni mwanamke gani huyo wamemruhusu kuongea." Akafuta mwiko. "Nikasema labda wamempata mtu wa kunisemea. Mara ya pili nilisikia anasema nibaki."

"Alisema."

"Na mara ya kwanza?"

"Alisema uondoke."

Akaniangalia, akitaka kuona kama natania. "Mtu huyo huyo?"

"Siyo mtu, shemeji."

"Basi sawa," akasema, na akaniomba nimpishe apakue.

Nilimwambia tunaweza kwenda kwenye baraza la ardhi. Nilimwambia sheria ina njia zake, na kwamba ningeandika maelezo mimi mwenyewe, kwa lugha safi. Alikataa bila kufikiri. Alisema atashinda, halafu atakwenda kuchota maji na nani? Nililirudia pendekezo hilo mara kadhaa siku zilizofuata, na kila mara nilipokataliwa nilihisi unafuu ambao sikuuangalia kwa karibu.

Tukamuaga kwa heshima, kama ilivyoshauriwa. Kulikuwa na vitenge, na hotuba. Kaka mwenyewe alikodi gari dogo la mizigo, akapanda nyuma kufunga godoro lake kwa kamba za mpira za dukani, akahakikisha kuku hawabanwi na meza. Alitoa jasho kweli kweli. Nimejaribu kumchukia na nimeshindwa. Angekuwa mtu mbaya kidogo tu, kazi yangu ingekuwa nyepesi. Hakumdanganya mtu. Aliuliza swali alilokuwa nalo.

Shemeji kabla ya kupanda gari alikwenda nyuma ya nyumba, akakaa huko mpaka dereva akapiga honi. Mikono yake ilirudi na udongo.

Sasa anaishi Nyasho, kwenye chumba cha uani kwa binti yake mkubwa, anayeuza mboga na dagaa mbele ya nyumba. Si mbali na kwangu. Nikimtembelea ananiletea kigoda, ananiuliza habari za nyumbani, kisha ananiuliza swali lake: "Kaburi likoje?" Nami humwambia nasikia liko vizuri. Alishajaribu kwenda mwenyewe mara moja. Alikaribishwa chai, akashikwa mkono, akasindikizwa hadi kituoni, na muda wa kwenda nyuma ya nyumba haukupatikana. Hakuna aliyemkataza. Watu walikuwa wanamkaribisha tu, bila kupumzika, mpaka jioni.

Walimu wa Bunda walipiga simu wakitaka nirudi, mada ikiwa imewakuna. Nikawaambia bado nafanya utafiti.

Halafu shemeji akapata homa, akalala, na alipoanza kukaa kitandani akaniomba jambo. Hakutaka dawa wala matunda.

"Wewe una simu nzuri. Nenda nyumbani unipigie picha. Nilione tu."

Nikaenda Butiama. Kaka alikuwepo, siku hizi anashinda huko Jumamosi na Jumapili kuangalia mifugo aliyoiweka. Alinipokea kwa furaha, "Karibu mura, karibu kwenu," akaagiza nipikiwe kuku. Nilimwambia nataka kupita nyuma ya nyumba. Akasema pita, ni kwenu, kisha akaangalia chini, akasema kijana wa kazi amechelewa kufyeka huko.

Majani yalikuwa yamenifika kiunoni. Mihogo ilikuwa imepandwa hadi ukingoni mwa kaburi, na mashina mengine yalikuwa yameshapita ukingo. Nilijua kaburi lilipo kwa kukumbuka tu, na kwa tuta dogo nililolikanyaga kabla sijaliona. Nikarudi nyuma, nikapiga picha. Ilikuwa picha ya majani.

Simu yangu ina tabia ya kunishauri. Chini ya picha ilinitokea ile nyota ndogo ya kuiboresha, na maneno ya kuniuliza kama nataka vitu visivyohitajika viondolewe. Nilisimama pale na kidole hewani. Nilimwona shemeji amekaa kitandani Nyasho, na mdomo umepasuka kwa homa. Nilijiuliza swali langu la Bunda, jibu hili litamwangukia nani, na mara hii nilijua kabisa ni nani. Kwa hiyo nilibonyeza.

Majani yaliondoka. Mihogo iliondoka. Palibaki udongo mwekundu uliofagiliwa, na tuta limekaa sawa, na kivuli cha nyumba kimeangukia mahali pake. Kaburi lilipendeza kuliko siku tuliyolichimba. Nikaituma kwenye simu ya binti yake, na nikawa, kwa muda mfupi, mtu mwema.

Ujumbe wa sauti wa shemeji ukaja kabla sijatoka kwenye majani. Alikuwa anahema.

"Shemeji. Msalaba wameung'oa?"

Niliiangalia picha. Hapakuwa na msalaba. Nikageuka, nikaingia kwenye majani na kuyapasua kwa mikono mpaka nikaugusa. Ulikuwepo. Ulikuwa umeinama kidogo na kushika kutu, rangi ile ile ya mabua makavu, mfupi, wa vipande vya nondo. Mashine ilikuwa imeuona ni bua.

Nilijibu haraka kwamba msalaba upo, haujaguswa, atulie. Nikayashikilia majani kwa mkono mmoja na kupiga picha nyingine kwa mkono wa pili, nyota ndogo ikaja tena kuniuliza, nikaipita. Nikatuma kama ilivyo: kutu, mabua, jani la muhogo juu ya mkono wa msalaba, na kidole changu pembeni.

Nikasubiri. Upande wa mbele wa nyumba nilisikia kuku wangu anakimbizwa.

"Nimeuona," akasema.

Kisha ujumbe wa pili. "Na majani nimeyaona."

Nikadhani amemaliza. Nilikuwa nimeshaanza kuliondoa lile jani la muhogo simu ilipoita tena mfukoni, na sauti yake sasa ilikuwa imetulia, sauti ya mtu anayeuliza njia.

"Sasa ile picha ya kwanza, shemeji. Lile lilikuwa kaburi la nani?"